Simu ya Maabara Haitoi Fatwa: Vipimo vya Vinasaba vya Uzazi na Familia Zetu za Visiwani

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma ba'd.

Ndugu zetu katika imani, miaka ya nyuma aliyekuwa na tatizo la uzazi akivuka bahari kwenda Dar es Salaam kumuona daktari. Leo wengi wanavuka kwenda kutoa sampuli. Wanashuka botini, wanafikia kwa jamaa Kariakoo au Gerezani, wanasali Msikiti wa Mtoro au wa Manyema, na asubuhi yake wanakwenda kutolewa damu au kupanguswa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Wanarudi Unguja au Pemba na karatasi yenye namba ya faili na namba ya simu ya huduma kwa wateja. Kuanzia hapo, yule anayejibu simu ndiye anayekuwa mshauri wao, mfariji wao, na mara nyingine, bila ya yeye kukusudia, mufti wao.

Maswali yanayotufikia kukhusu jambo hili yanazidi. Mmoja anauliza kama avunje uchumba kwa sababu ya majibu. Mwengine anauliza kama achague mtoto wa kiume. Wa tatu ameshapima watoto wake kwa siri na sasa hajui afanye nini na alichokijua. Tumeona bora tulieleze jambo lote kwa pamoja, kwani maswali haya yana mzizi mmoja: watu wamechanganya kazi ya maabara, kazi ya daktari na kazi ya sharia.

Nani yuko upande wa pili wa simu

Tuanze na kulielewa jambo lenyewe. Anayepokea simu ya maabara ni mfanyakazi wa huduma. Kazi yake ni kukuambia sampuli imefika au haijafika, inatosha au irudiwe, malipo ni kiasi gani na majibu yatatoka lini. Huyu tumuheshimu na tumfanyie wema, kwani bila ya yeye mambo hayaendi. Lakini mara nyingi si daktari wako. Hajakupima, hajui maradhi ya ukoo wako, na hawezi kukuambia uoe au uache.

Juu yake yupo mtaalamu wa vinasaba, ambaye kazi yake ni kukufafanulia majibu yana maana gani na yana mipaka gani. Omba kuzungumza na huyu. Ni haki yako kuomba. Juu ya wote wawili yupo daktari anayekutibu, na yeye ndiye anayepaswa kuyaunganisha majibu na hali yako. Baada ya hapo ndipo unapokuja kwa wanachuoni na suali lililo wazi. Allah ametuamrisha tuwaulize wenye ujuzi katika yale tusiyoyajua, na kila jambo lina wajuzi wake. Kumuuliza sheikh maana ya namba za maabara ni kosa, kama lilivyo kosa kumuuliza mpokea simu hukumu ya halali na haramu.

Kabla ya ndoa: siko seli

Ugonjwa wa siko seli, au seli mundu, ni mkubwa katika nchi yetu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Mtu anaweza kubeba chembe moja ya ugonjwa huu na akaishi miaka yote bila ya kuumwa. Wakioana wabebaji wawili, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kutoa mtoto mgonjwa, sehemu mbili za kutoa mbebaji asiyeumwa, na sehemu moja ya kutoa mtoto asiye na chembe hiyo kabisa. Kila mimba ni hesabu mpya. Wapo wanaodhani kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo.

Hapa kuna jambo ambalo familia za visiwani zinapaswa kulijua. Baadhi ya vipimo vya haraka vya siko seli havitofautishi mbebaji na mgonjwa, wala havionyeshi maradhi mengine ya damu ya kurithi kama thalasemia. Sisi tuna damu zilizochanganyika kutoka Oman, Bara Hindi na bara hili letu, na chembe ya thalasemia ikikutana na ya siko seli mtoto huweza kuumwa vile vile. Basi ukiwa na maabara kwenye simu, usiulize tu kama majibu ni mazuri. Uliza: kipimo hiki kimetafuta nini, na nini hakikutafuta?

Ama hukumu yake, kupima kabla ya ndoa ni jambo jema. Saudi Arabia imelazimisha kipimo cha siko seli na thalasemia kwa wanaotaka kuoana tangu mwaka 2004, na wakikutwa wote ni wabebaji wanapewa ushauri, kisha uamuzi unabaki wao. Majma' ya Kimataifa ya Fiqhi iliyo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2013, nayo ilizungumzia vipimo hivi na kuviruhusu kwa masharti yake. Ndoa ya wabebaji wawili ni sahihi. Wakiamua kuoana wakiwa wanajua, tusiwaseme. Wakiamua kuachana kwa wema kabla ya akdi, tusiwatangaze. Na mtoto aliyezaliwa na siko seli si laana ya mtu, ni amana yenye haki ya dawa, kliniki na mapenzi.

Jambo la haramu hapa ni kuitoa siri. Majibu ya binti wa watu hayapelekwi kwenye kikao cha posa. Inatosha kusema kwamba jambo halikuwafikiana.

Kabla ya mimba: kiinitete kinapopimwa

Vituo vya kutungisha mimba nje ya tumbo sasa vipo Dar es Salaam, na baadhi ya wanandoa wabebaji wanaelezwa kwamba viinitete vinaweza kupimwa kabla ya kurejeshwa tumboni. Kwa ufupi, kiinitete kikifika siku ya tano au ya sita hutolewa seli chache, seli hizo hupelekwa maabara ya vinasaba, ambayo huenda ikawa nje ya nchi, na kiinitete chenyewe hugandishwa kusubiri majibu.

Msingi wa hukumu umewekwa zamani. Majma' ya Kimataifa ya Fiqhi katika kikao cha Amman, Oktoba 1986, iliruhusu utungishaji nje ya tumbo pale mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na mimba inabebwa na mke huyo huyo, ndoa ikiwa imesimama. Akiingia mtu wa tatu, kwa mbegu, kwa yai au kwa tumbo, ni haramu. Hata mke mwenza habebi mimba ya mwenziwe. Tunalitaja hili kwa sababu wapo walioulizana majumbani, wakidhani kuwa mume mmoja analihalalisha.

Kuhusu kupima kiinitete ili kuepuka ugonjwa mzito unaojulikana, wanachuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kwa masharti. Ama kuchagua mtoto wa kiume au wa kike kwa kupenda tu, Majma' ya Fiqhi ya Rabita ya Makka iliamua mwaka 2007 kuwa haijuzu, isipokuwa kwa dharura ya ugonjwa wa kurithi unaoshika jinsia moja na kuacha nyengine. Allah ndiye anayemtunuku amtakaye watoto wa kike na amtakaye wa kiume. Basi maabara ikikuuliza kama unataka kujulishwa jinsia ya viinitete, jibu kwa maandishi kwamba hutaki. Kutokujua kutakulinda na mtihani wa kuchagua.

Sasa tuje kwenye fomu, kwani hapa ndipo watu wanapoweka saini wasichokisoma. Fomu za vituo hivi kwa kawaida zinauliza viinitete vifanywe nini mume akifa, mkiachana, au mkiacha kulipia hifadhi. Mara nyingi kuna kisanduku cha kuvigawa kwa watu wengine. Muislamu hakiweki alama. Ndoa ikimalizika kwa talaka au kifo, haki ya kuvirejesha tumboni imemalizika. Na ili visibaki vingi, Majma' ilielekeza mwaka 1990 kwamba yatungishwe mayai kwa idadi inayohitajika tu kwa kila mara, na vikizidi viachwe bila ya kuhudumiwa hadi vife vyenyewe. Mwambie daktari sharti hili mapema, kabla ya siku ya kutoa mayai. Baada ya siku hiyo, mpokea simu hawezi kukusaidia.

Lipo jengine ambalo wengi hawaelezwi. Kabla ya kupima kiinitete kwa ugonjwa maalumu, maabara hutengeneza kipimo cha familia hiyo, na huenda ikahitaji damu au mate ya wazee wa pande zote mbili, au ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa na ugonjwa. Mzee wa Wete anaombwa mate na hajui ni ya nini. Kipimo kama hicho kinaweza kufichua jambo la nasaba ambalo hakuna aliyelitafuta. Basi kabla ya kutoa sampuli yoyote, andikieni maabara kwamba mnataka jawabu la ugonjwa tu, na jengine lolote litakaloonekana lisielezwe. Na mzee aelezwe ukweli, kisha akubali au akatae kwa hiari yake.

Katika mimba: hatari si uthibitisho

Kipo pia kipimo cha damu ya mama mjamzito kinachotafuta dalili za kasoro za vinasaba vya mtoto. Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwatahadharisha wazazi na madaktari kwamba vipimo hivi ni vya kuchuja tu, vinaweza kukosea, na visitumiwe peke yake kuamua kukhusu mimba. Karatasi ikiandika kuwa hatari ni kubwa, maana yake ni kwamba kipimo chengine cha kuthibitisha kinahitajika.

Tunalisema kwa uzito kwa sababu linagusa roho. Rabita ya Makka mwaka 1990 ilijadili mimba yenye kasoro nzito, na ruhusa yake iliifungamanisha na kabla ya siku 120, na uthibitisho wa kamati ya madaktari bingwa wanaoaminika, na ridhaa ya wazazi. Baada ya siku 120 haikuruhusu kwa sababu ya kasoro, isipokuwa maisha ya mama yawe hatarini. Na sheria ya nchi nayo ina masharti makali zaidi. Ujumbe wa simu kutoka maabara si kamati ya madaktari. Mama anayeupokea akiwa peke yake sokoni Kariakoo au jikoni kwake Mwembetanga, na atulie, amwite mumewe, waende kwa daktari.

Baada ya kuzaliwa: kupima nasaba

Huu ndio mlango unaobomoa nyumba nyingi. Dar es Salaam kuna gumzo la muda mrefu la akina baba kupima watoto, na mara kwa mara hutangazwa hesabu za waliopima wakakutwa si baba. Hesabu hizo hazielezi hali ya jamii nzima. Waliokwenda kupima ni wale waliokwisha kugombana na kushukiana. Ukihesabu wagonjwa wodini huwezi kusema mji mzima unaumwa. Anayezisikia hesabu hizo akamtazama vibaya mkewe aliyetulia amemdhulumu.

Kisheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Zanzibar nayo ina maabara ya Mkemia Mkuu wake. Sheria hiyo ya Bara haimruhusu mtu kwenda mwenyewe kupima nasaba kwa kupenda. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa, kama mahakama, polisi, ofisa wa ustawi wa jamii au wakili. Basi anayekuahidi kwa simu kupima mtoto kwa siri, kwa unywele au kikombe alichonywea, anakuita kwenye jambo lililo nje ya sheria ya nchi na nje ya sharia.

Kwa upande wa sharia, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa ndoa hiyo. Rabita ya Makka katika kikao chake cha Januari 2002 iliamua kwamba haijuzu kutegemea kinasaba kukana nasaba wala kukitanguliza mbele ya li'ani, na haijuzu kukitumia kuchunguza nasaba zilizokwisha kuthibiti. Iliruhusu pale pana haja ya kweli: mtoto ambaye nasaba yake haijulikani na wanamgombania, watoto waliochanganywa hospitali, waliopotea au waliofariki katika maafa wakawa hawatambulikani. Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mume mwenye yakini ya kumkana mtoto anatakiwa afanye hivyo bila ya kuchelewesha, na aliyekwisha kumkiri hana njia ya kumkana baadaye. Miaka kumi ya kumwita mwanangu haifutwi na bahasha.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu wa Bani Fazara alimjia Mtume (s.a.w.) akasema mkewe amezaa mtoto mweusi, akiashiria kwamba anamtilia shaka. Mtume hakumkemea wala hakumpa nguvu katika shaka yake. Alimuuliza rangi ya ngamia wake, akasema ni wekundu. Akamuuliza kama yumo wa rangi ya kijivu, akasema yumo. Akamuuliza huyo ametokea wapi, akajibu kuwa pengine ameivuta asili ya mbali. Hapo Mtume akamfahamisha kuwa na mwanawe huenda ni hivyo hivyo, wala hakumruhusu kumkana.

Tuzingatie. Mtu alikuja na shaka, akarudi na mtoto wake. Alielezwa elimu ya urithi kwa mfano anaoujua, na elimu hiyo ikatumika kuisitiri nyumba. Hiki ndicho kipimo cha kila maabara na kila mshauri: je, ujuzi wake unahifadhi au unabomoa?

Sampuli ni amana

Mate yako ni khabari za wazee wako na za wajukuu ambao hawajazaliwa. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya 23andMe, inayopima vinasaba kwa mate, iliingiliwa na wadukuzi na taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikachukuliwa. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa muflisi, na wateja wakabaki kuuliza nani atakayemiliki taarifa zao. Nchini kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa ni taarifa nyeti. Na kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hivyo unayo haki ya kuuliza, na anayekasirika kwa kuulizwa mwache.

Tunashauri yafuatayo kwa kila anayefanya kazi na maabara hizi:

1. Majina. Fomu za nje zinataka jina la kwanza na la ukoo. Sisi tuna jina, la baba na la babu, na mke habadilishi jina la baba yake. Andikeni majina yale yale kama yalivyo kwenye kitambulisho au pasi, na kila simu itajwe namba ya faili. Sampuli nyingine huchanganywa kwa jina tu.

2. Akaunti. Mke na mume wote wawili waandikishwe. Si haki majibu ya mwanamke yaende kwenye simu ya shemeji kwa sababu shemeji ndiye mwenye intaneti.

3. Mkalimani. Kama lugha ni tatizo, mtafuteni mmoja, mwaminifu, na mumwambie wazi kuwa hii ni amana. Jambo lililotafsiriwa na wapwa watatu si siri tena.

4. Maandishi. Jambo lolote muhimu liulizwe kwa maandishi na jawabu lihifadhiwe: sampuli inapimwa wapi, kibali kipo, itahifadhiwa muda gani, nani ataiona, itatupwaje, na fedha zinarudi kwa sharti gani ikiharibika njiani.

5. Adabu. Msimtukane anayejibu simu kwa majibu yaliyochelewa. Mkosoeni kwa upole na muombe kuunganishwa na mkubwa wake.

6. Istikhara na mashauriano. Msiamue jambo la ndoa, mimba au nasaba siku ile ile mliyopata majibu. Mrudie daktari, kisha muulizeni mwanachuoni mkiwa na karatasi mkononi.

Ndugu zetu, lugha yetu imeviita vinasaba, na ndani yake limo neno nasaba. Nasaba ni miongoni mwa mambo ambayo sharia imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, akili na mali. Kipimo kinachokusaidia kuyalinda hayo ni neema, na tumshukuru Allah kwacho. Kipimo kinachoingia nyumba iliyosalimika kutafuta aibu, tukiache kilipo, hata kikiwa na bei nafuu na majibu ya siku tatu.

Tunamuomba Allah awaruzuku wasio na watoto kizazi chema, awaponye wagonjwa wetu wa siko seli, azisitiri nyumba zetu, na atujaalie kuitumia elimu kwa kheri. Amin.

Wallahu a'lam.